Mahali Kwanza, Treni Baadaye

Anayeingia katika sanaa ya kuunda reli ndogo za nyumbani mara nyingi huanza kwa kununua treni. Anaiona dukani, au kwenye mtandao, kichwa kikubwa chenye mabehewa sita, na ndani ya boksi mna reli za kutosha kufanya duara. Anaunganisha duara lake juu ya meza, treni inazunguka. Inazunguka tena. Baada ya wiki chache inarudi ndani ya boksi, na boksi linapandishwa juu ya kabati. Wapo wanaolaumu bei, wapo wanaolaumu uhaba wa maduka ya vifaa hivi katika miji yetu, na wote wanagusa jambo la pembeni. Duara lile lilikosa mahali. Treni haikutoka popote wala haikwenda popote, haikuwa na mzigo wa kufuata, na kwa hiyo hapakuwa na sababu ya kuweka nyumba hii badala ya ile, udongo mwekundu badala ya wa kijivu. Ushauri wangu ni kuugeuza utaratibu mzima. Chagua kwanza mahali, yaani kipande kidogo cha reli iliyowahi kuwepo au ambayo ingeweza kuwepo, kisha ukiache kipande hicho kikuamulie skeli, upana wa njia, ukubwa wa ubao, rangi na, mwisho kabisa, treni yenyewe.

Tuanze na hesabu, maana ndipo hoja hii inapoonekana waziwazi. Skeli iliyoenea zaidi duniani huitwa HO: kila kitu hupunguzwa mara 87, na nafasi kati ya reli mbili ni milimita 16.5. Zidisha 16.5 kwa 87 utapata milimita 1,435, ambayo ndiyo geji (upana wa njia) ya SGR, reli mpya ya kisasa. Anayetaka kuunda stesheni ya reli ya Mombasa–Nairobi iliyofunguliwa 2017, au ya treni ya umeme ya Dar es Salaam–Morogoro iliyoanza kubeba abiria 2024, basi HO inamfaa bila kurekebisha chochote. Lakini reli tuliyoirithi, kuanzia ile iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 hadi Reli ya Kati na ile ya Tanga, ni ya mita moja, na TAZARA ni ya milimita 1,067. Ukichukua behewa la reli ya mita, ukalipunguza mara 87 na kuliweka juu ya njia ya kawaida ya HO, njia inakuwa pana kwa zaidi ya asilimia 40 kuliko inavyopaswa. Aliyezoea kusimama stesheni ya Korogwe au Voi atahisi kuna kasoro hata kabla ya kujua ni ipi. Mabehewa ya reli ya mita hutokeza sana nje ya reli zake, na ule mwonekano wa mwili mpana juu ya miguu ya karibu ndio sura yake. Ukiupoteza huo, rangi nzuri na namba sahihi ubavuni haziwezi kuurudisha.

Njia za kutoka hapo ni mbili. Ya kwanza ni kubaki na 1:87 na kutumia njia ya milimita 12, ambayo ni sawa na milimita 1,044 za kweli. Wapenzi wa reli za milimani Uswisi hufanya hivyo, na kampuni ya Bemo ya Ujerumani imejijengea jina kwa kuwahudumia. Vifaa vyake ni vizuri, ila bei yake inauma. Ya pili, ambayo naipendekeza kwa msomaji wa huku, ni kubaki na njia ya milimita 16.5, inayopatikana kwa wingi na kwa bei nafuu hata ikiwa imetumika, halafu kubadili skeli ya vitu vyote vilivyo juu yake kuwa 1:64. Hapo 16.5 inakuwa milimita 1,056. Waundaji wa New Zealand na wa Queensland huko Australia, ambao reli zao ni za milimita 1,067, wametumia mchanganyiko huu kwa miaka mingi. Una faida nyingine mbili ambazo ni kama zimewekwa kwa ajili yetu. Vigari vingi vya kuchezea vya chuma vinavyouzwa madukani vinakaribia skeli hiyo, ingawa si vyote, kwa hiyo pima kabla ya kununua. Na njia ndogo ya milimita 9, iliyotengenezwa kwa ajili ya skeli ya N, ikiwekwa kwenye ulimwengu wa 1:64 inakuwa milimita 576, karibu kabisa na sentimita 60 za vijireli vilivyojaa mashambani enzi za mkonge.

Hapo ndipo ninapopata mfano nitakaoutumia katika makala haya: njia ya pembeni ya shamba la mkonge kando ya reli ya Tanga. Mkonge uliletwa na Richard Hindorf mwaka 1893, na mwaka huohuo ujenzi wa reli ukaanza Tanga. Ilipofika 1905 treni ilikuwa Mombo. Zao na reli vilikua pamoja. Shambani, majani yalikatwa, yakafungwa mizigo na kupakiwa kwenye vitoroli vya njia nyembamba hadi kwenye mashine ya kuchakata, ile ambayo mashambani huitwa korona. Singa zilianikwa juani kwenye waya, zikapigwa brashi, zikafungwa marobota, na marobota yakangoja mabehewa ya reli kubwa ya kwenda bandarini. Mlolongo huo unajibu karibu kila swali ambalo muundaji wa duara hana jibu lake. Kwa nini kuna njia mbili za upana tofauti? Kwa nini jukwaa la kupakia limeinuliwa? Kwa nini kuna behewa la kufunikwa, behewa la tangi na behewa wazi? La kufunikwa ni la marobota yasiyopaswa kulowa, tangi linaleta mafuta ya injini ya kiwanda, na wazi limebeba vipuri vizito. Hakuna kilichowekwa kwa sababu tu kilikuwa kinauzwa.

Mpenda usahihi atasema: umetoka kulaumu njia iliyo pana kupita kiasi, na sasa unatupa njia iliyo pana kwa milimita 56 za kweli. Kweli, ila makosa hayalingani. Waingereza, taifa lenye wapenzi wengi wa mchezo huu, wengi wao hutumia skeli ya OO, ambayo ni 1:76 juu ya njia ileile ya 16.5. Njia yao ingepaswa kuwa milimita 18.83, kwa hiyo treni zao zinatembea juu ya reli iliyobana kwa zaidi ya asilimia 12. Chanzo chake ni cha kihistoria: vichwa vya treni vya Uingereza ni vidogo, na mota za zamani hazikuenea ndani ya mwili wa skeli ya HO, basi mwili ukakuzwa na njia ikaachwa ilivyo. Wapo walioshindwa kuvumilia wakatengeneza viwango vyao vyenye upana wa kweli, na kazi zao ni za kustaajabisha. Walio wengi wanaishi na kosa hilo na bado wanaunda mandhari yanayoaminika. Kosa la kwetu ni la asilimia 5 na kidogo, chini ya nusu ya hilo. Anayetaka kulifuta kabisa anaweza kulaza reli zake mwenyewe juu ya mataruma ya mbao. Namshauri afanye hivyo baada ya kumaliza ubao wa kwanza.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, nalo ni la uchoshi: mahali padogo, mtu atachezea nini? Jibu lake lilishatolewa na Mwingereza Alan Wright, aliyebuni mpangilio unaojulikana kama Inglenook Sidings. Una pointi mbili tu za kugawa njia, na njia tatu za pembeni. Njia moja ina nafasi ya mabehewa matano, mbili zilizobaki zina nafasi ya matatu kila moja, na kipande cha kuvutia nyuma kinaenea kichwa cha treni pamoja na mabehewa matatu. Mabehewa yote ni manane. Kila mchezo unaanza kwa kupiga kura ya mabehewa matano na mfuatano wake, kisha unatakiwa uiunde treni hiyo hasa kwa kusogeza mbele na nyuma, bila kugusa kwa mkono. Kuna mifuatano 6,720 inayowezekana, kwa sababu unachagua la kwanza kati ya manane, la pili kati ya saba, na kuendelea hadi la tano. Hivyo ndivyo kazi ya kupanga mabehewa ilivyo katika reli ya kweli, na inahitaji akili kuliko kutazama treni ikipita mbele yako mara 50. Kwa skeli ya 1:64, behewa la mita 10 linakuwa sentimita 15.6, na mpangilio mzima unaenea kwenye ubao wa karibu mita 2 kwa sentimita 45. Unakaa juu ya rafu, na unaweza kusimamishwa nyuma ya mlango wageni wakija.

Na yule ambaye kwa kweli raha yake ni kuona treni inazunguka? Simlaumu, na mahali tulipochagua panampa alichotaka. Kwenye reli kuu, duara la nusu kipenyo cha sentimita 45 ni kona ya mita 29 kwa kipimo cha kweli, kona ambayo hakuna treni ya reli kuu ingeipita salama. Kwenye kijireli cha shamba hali ni tofauti. Kona ya kawaida ya njia ya milimita 9, yenye nusu kipenyo cha sentimita 23, ni mita 15 hivi za kweli, na vitoroli vya mkonge viliundwa kupita sehemu za namna hiyo. Duara dogo linaweza kupita shambani, likajificha nyuma ya kiwanda na kutokeza tena. Ubao utahitaji kupanuliwa kidogo mwisho mmoja. Treni inayozunguka ina sababu ya kuzunguka: inaingia kiwandani na majani, inatoka tupu.

Pingamizi linalotoka moyoni zaidi ni la wapenzi wa vichwa vikubwa. Daraja la 59 la Shirika la Reli la Afrika Mashariki, vichwa 34 vya aina ya Garratt vilivyotengenezwa na Beyer, Peacock mjini Manchester mwaka 1955 na 1956, vikapewa majina ya milima yetu, ni miongoni mwa mashine za mvuke zenye nguvu zaidi zilizowahi kutembea juu ya reli ya mita. Kimojawapo, namba 5918, Mount Gelai, kiko Makumbusho ya Reli Nairobi. Nani asingependa kuwa nacho? Lakini kina uzito wa tani 252 na urefu wa mita 31.7, ambao kwa 1:64 ni nusu mita. Kikiwekwa kwenye njia yetu ya mkonge kitajaza robo ya ubao, na hakina cha kufanya hapo, kwa kuwa vichwa hivyo vilikuwa vya njia kuu ya Mombasa–Nairobi. Ukikitaka, badilisha mahali. Treni ya mabehewa 30 nyuma yake itakuwa na urefu wa zaidi ya mita 5 kwa skeli hii, na vyumba vya kuenea hiyo si vingi mijini. Kwa hiyo usiunde safari. Unda yadi ya kuhudumia vichwa: njia mbili, mnara wa maji, sehemu ya kujaza mafuta, shimo la ukaguzi, banda. Hapo kichwa kinasimama peke yake bila treni, na hakuna atakayeuliza mabehewa yako wapi. Kanuni ni ileile, hata kwa mtu aliyeanza na treni moyoni mwake: itafutie mahali panapoihitaji kabla ya kutoa fedha.

Kuhusu ubao wenyewe nitasema kwa ufupi, kwa sababu fundi seremala yeyote mzuri atakusaidia. Tumia plaiwudi badala ya mbao tupu, na uipake vanishi pande zote mbili na kingoni kabla ya kuweka chochote. Katika miji ya pwani unyevu huvimbisha mbao kuliko joto linavyorefusha reli. Reli ya mita 2, joto likipanda nyuzi 15, hurefuka kwa nusu milimita tu, na mwanya wa nusu milimita kwenye kiungo unatosha. Mbao isiyozibwa inaweza kuisogeza njia kwa zaidi ya hapo na kuipinda. Nunua reli za aloi ya nikeli na shaba, epuka zile za chuma za seti za bei rahisi, kwa sababu hewa ya chumvi itazila. Usizisugue kwa msasa, maana mikwaruzo hushika uchafu. Tumia kitambaa na spiriti ya duka la dawa. Mchwa nao wasisahaulike: mandhari ya karatasi na maboksi ni chakula chao, kwa hiyo ubao ukae juu ya miguu ya chuma au kwenye mabano ya ukutani, usiguse sakafu wala ukuta wenye unyevu. Umeme ni wa volti 12 tu. Shida nyingi zinazosemwa ni za mota huwa kwa kweli ni za viungo vya reli vilivyolegea, basi kila kipande cha reli kilehemewe waya wake.

Tukija kwenye urembo wa vitu vidogovidogo, hapa ndipo muundaji anapoweza kupotea miezi, na hapa pia mahali palipochaguliwa vizuri ndipo panapomwokoa. Jicho zuri la binadamu, kwa umbali wa sentimita 60, haliwezi kutenganisha vitu vilivyo karibu zaidi ya takriban milimita 0.17. Kwa skeli ya 1:64, hiyo ni sentimita 1.1 za kweli. Maana yake ni kwamba kitu chochote ambacho kwenye behewa halisi kilikuwa chini ya sentimita moja mara nyingi hakitatambulika na mtazamaji, na saa ulizotumia kukitengeneza ni zawadi kwako peke yako. Hakuna ubaya, ilimradi ujue. Wakati huohuo vitu ambavyo jicho linaviona kwa hakika, kama vile ukubwa wa kokoto, mawimbi ya bati, urefu wa mlango na rangi ya udongo, hupuuzwa kwa sababu havina sifa ya ufundi mgumu. Mtu ataunganisha vishikio 20 vya waya ubavuni mwa behewa, kisha analiweka juu ya kokoto ambazo kwa kipimo cha kweli zina ukubwa wa vichwa vya watu.

Pima basi. Kokoto ya reli yenye milimita 50 inakuwa milimita 0.8 kwa 1:64. Hiyo ni chembe inayopita kwenye chujio la kawaida la chai. Chekecha mchanga wa mtoni, au mawe yaliyosagwa, na usitumie wa baharini: chumvi haiishi kwa kuoshwa mara moja, na itakila kila chuma kilicho karibu. Kabla ya kuumwaga, pitisha sumaku juu yake, kwa kuwa chembe za chuma hurukia mota na kuikwamisha. Mwage ukiwa mkavu, upange kwa brashi laini, unyunyizie maji yenye tone la sabuni ya vyombo, kisha udondoshee gundi nyeupe iliyozimuliwa kwa maji. Sabuni ndiyo siri yenyewe, kwa sababu bila hiyo gundi hujikunja kuwa matone na kuondoka na mchanga. Mabati ya kawaida yana mawimbi ya milimita 76 kutoka mgongo hadi mgongo, kwa hiyo kwako yawe milimita 1.2. Wengi huchuna karatasi ya juu ya boksi na kutumia mawimbi ya ndani kama paa. Mawimbi hayo hufika milimita 6 na zaidi, sawa na karibu sentimita 40 za kweli, na hakuna bati la hivyo. Chukua karatasi ya alumini ya vyombo vya chakula, ikandamize juu ya skrubu ndefu zenye mifuo ya karibu, au juu ya nyuzi za gitaa zilizopangwa, utapata bati linalokubalika. Likate vipande vya ukubwa wa bati halisi na ulaze kimoja kikipanda juu ya kingine. Paa la kipande kimoja hujulikana mara moja.

Mkonge ndio utakaokupima uvumilivu. Jani lililokomaa lina urefu wa zaidi ya mita moja, kwako sentimita 2 hivi, na mmea una majani mengi yaliyonyooka kama mikuki. Karatasi ngumu iliyopakwa rangi ya kijani chenye ukijivu, ikakatwa nyota nyembamba na kupachikwa tabaka kwa tabaka, inatosha. Mkonge hupandwa kwa mistari miwili miwili yenye mita moja kati yake, ikifuatwa na njia ya mita 4 hivi, ambapo kila mmea unapata wastani wa mita za mraba 2.5. Kwenye kipande cha shamba cha sentimita 30 kwa 40 hiyo ni karibu mimea 200. Ikitengenezwa kumi kila jioni, ni jioni 20. Sasa fikiria ubao wenye urefu na upana maradufu: shamba linakuwa mara nne, mimea 800, na ndipo watu wanapoanza kuruka mistari, wakijaza pengo kwa majani ya plastiki ya dukani ambayo hayafanani na mmea wowote unaoota Afrika. Hesabu hii ni hoja yangu bora ya kuanza na padogo. Gharama ya ubao mkubwa haiko kwenye mbao. Iko kwenye kila sentimita ya mraba inayodai kazi. Pachika hapa na pale mlingoti mmoja wa maua, sentimita 9, na shamba litatambulika kutoka upande wa pili wa chumba.

Rangi inahitaji ujasiri wa kufifisha. Modeli hutazamwa ndani, kwenye mwanga mdogo kuliko wa jua, na kwa macho rangi ileile iliyo kwenye behewa la kweli huonekana nzito mno juu ya modeli. Changanya kijivu au rangi ya vumbi katika kila kitu, na rangi nyeusi tupu uiache kabisa. Kwa mahali petu, vumbi ni lile jekundu la Tanga, na liwe limetokana na udongo mmoja: udongo uliochekechwa unaotumia ardhini ndio huohuo unaosagwa laini na kupakwa kwa brashi kavu kwenye magurudumu, chini ya mabehewa, kwenye ukuta wa banda hadi goti, na kwenye viatu vya wapakiaji. Mmarekani John Allen, mpiga picha wa Monterey, California, alionyesha nguvu ya jambo hili kuliko mtu yeyote. Reli yake ya kubuni, Gorre & Daphetid, ilikuwa chakavu kwa makusudi: mbao zilizofifia, vyuma vyenye kutu, uchafu ulioshuka mahali ambapo uchafu hushuka. Alifariki Januari 1973 na siku chache baadaye moto ukateketeza kazi yake, lakini picha zake zinaendelea kufundisha. Aghalabu hukumbukwa kwa ukubwa wa milima yake. Wachache hutaja kwamba alianza na ubao mdogo, akaumaliza, kisha akauingiza kama ulivyo ndani ya kazi kubwa iliyofuata.

Mfano wa Allen unazua swali la haki: kama reli yake haikuwahi kuwepo, kwa nini mimi nisisitize mahali? Kwa sababu yake ilikuwa na mahali. Ilikuwa na aina yake ya mawe, hali ya hewa, shughuli za kiuchumi na umri. John Ahern wa Uingereza alifanya vivyo hivyo na Madder Valley, ambayo leo imehifadhiwa Makumbusho ya Pendon huko Oxfordshire: bonde ni la kubuni, lakini majengo yake mengi yalichukuliwa kutoka majengo ya kweli. Shamba letu la mkonge halihitaji jina lililomo kwenye ramani. Linahitaji lisiwe na kitu ambacho shamba la kweli la Tanga lisingekuwa nacho, na hilo ni sharti gumu kuliko linavyosikika. Kila kifaa kizuri utakachokiona dukani kitataka kuingia.

Kuhusu vitu vya kununua, ni kweli kwamba hutapata behewa la reli ya mita la Afrika Mashariki likiwa tayari ndani ya boksi kwenye skeli ya 1:64. Lakini unahitaji kununua sehemu zinazotembea tu. Chasi ya kichwa kidogo cha dizeli cha HO, hata kuukuu, ina mota na giya. Mwili wake unautoa na kuunda mwingine wa karatasi ya plastiki. Magurudumu ya HO ya milimita 10.5 yanakuwa sentimita 67 kwa 1:64, na jicho linayakubali chini ya behewa la mizigo. Mwili wa behewa ni sanduku: pande mbili, vichwa viwili, sakafu, paa. Vipimo huanzia kwenye kitu cha kweli. Nenda makumbusho na futi ya kamba na daftari, pima urefu, upana, nafasi kati ya ekseli na kimo cha sakafu, na upige picha kwa upande, wima, ukiwa umeshikilia rula ndani ya picha. Kwenye stesheni na yadi zinazofanya kazi omba ruhusa kwanza, tena kwa maandishi, kwa sababu mtu anayepima mabehewa bila maelezo huchukuliwa kwa namna nyingine.

Jambo la mwisho la kuamua linapaswa kuamuliwa mapema, kabla reli ya kwanza haijalazwa: njia kuu itafika ukingoni mwa ubao katika nukta gani. Iweke katikati ya upana wa ubao, yenye pembe mraba na ukingo, kwa kimo unachokiandika chini ya ubao kwa kalamu isiyofutika, pamoja na rangi za waya mbili za umeme. Tundu mbili za bolti, zilizotobolewa kwa kufuata bati moja la mfano unalolihifadhi, zitahakikisha kwamba ubao wowote utakaokuja, wako au wa mwenzako wa Muheza au Muscat aliyechagua bandari badala ya shamba, utaungana na huu bila msumeno. Marobota yatapata pa kwenda.